Mume Wangu, Padri wa Filimu

Mume wangu ni fundi umeme, tena Mprotestanti wa kuzaliwa. Hata hivyo nusu ya Kolwezi inamwita mon père, yaani padri.

Ilianza siku alipoitwa kutengeneza jenereta mahali ambapo kijana wa mtaa wetu alikuwa anapiga filimu. Mwigizaji wa kucheza padri hakutokea; alikuwa amekwenda Fungurume kuchimba madini. Kijana akautazama upara wa mume wangu, akaisikia ile sauti yake nzito, akasema, "Tata, vaa hii kanzu. Utasema tu, 'Muende na amani.'"

Akavaa. Tangu hapo filimu za hapa kwetu haziishi kumhitaji: azike, afungishe ndoa, atoe pepo.

Mimi Mkatoliki nilicheka hadi machozi. Paroko wetu hakucheka. Alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya misa, akaketi, akasema, "Tata, unabarikiaka muzuri. Lakini ile kikombe ya misa unaishikaka sawa chupa ya bia." Akamfundisha pale pale sebuleni, kwa kikombe chetu cha chai.

Kisha ikaja nafasi kubwa: kucheza mfanyabiashara tajiri anayempenda binti mrembo. Sura yake peke yake kwenye bango! Alinunua miwani myeusi, akawa anafanya mazoezi jikoni huku nikikaanga samaki.

"Mupenzi wangu," aliniambia, "moyo wangu ni wako."

Nikajibu, "Amina."

Alininunia siku nzima. Lakini hata yule binti wa filimu, kila aliposhikwa mkono, aliinamisha kichwa kama anayengoja baraka. Filimu ilipoonyeshwa Tenke, mama mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti, "Lakini, mon père atatoa lini ile nguo ya kujificha?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Njiani kurudi nilimhurumia.

"Uliumia?"

"Kidogo. Lakini ulisikia? Bananijua."

Kesho yake akamwendea kijana, akaomba kanzu yake ya padri. Hajaiacha tena, wala hajatafuta bango jingine.

Juzi walipiga filimu ya harusi, yeye padri, nami nikapewa kuwa mama wa bibi harusi. Sikuwa na neno la kusema, ni kulia tu. Nikalia, nikalia, mpaka kijana akaweka kamera chini: "Mama, inatosha. Ni harusi, haiko kilio."