Siku Tatu za Strungi

Mimi sijui kupunguza. Najua kuacha na najua kuzidisha, basi. Nikimkasirikia mtu simsalimii miezi sita, halafu siku moja namkumbatia kanisani mpaka anashtuka. Kwa hiyo yule msichana wa lishe aliponiambia kwamba sukari yangu imefika mpakani, kwamba uzito nao umepita, na kwamba kuanzia siku hiyo maziwa ni kikombe kimoja tu kwa siku, alikuwa anaongea na mtu asiyefaa.

Ilikuwa katika kliniki moja hapo katikati ya mji, karibu na ofisi yetu. Nilikuwa nimetoroka saa ya chakula nikitarajia kuambiwa nitembee tembee kidogo. Msichana mwenyewe alikuwa rika la binti yangu, mwembamba, mwenye adabu. Aliniuliza nakunywa chai mara ngapi. Nikamwambia ukweli: viwili asubuhi kabla ya kutoka nyumbani Waithaka, kimoja saa nne ofisini, kimoja baada ya chakula cha mchana, kimoja saa kumi, na jioni nikifika nyumbani hivyo sihesabu, maana hapo napumzika. Na ni chai ya kweli, majani na maziwa vimechemka pamoja mpaka vikataka kumwagika, na sukari vijiko viwili. Akaandika. Akaacha kuandika.

"Kimoja, mama," akasema. "Na uanze kuizoea kidogo kidogo bila sukari."

"Kikombe kipi?"

Akanionyesha kwa vidole. Nikaona hicho ni cha kupimia dawa ya kikohozi.

Nilimwomba aniandikie mambo yote kwenye karatasi, na aandike kwa Kiswahili, kwa sababu nikiandikiwa Kiingereza nitajifanya sikuelewa. Akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa nzuri za mtu aliyelelewa vizuri. Jioni ile niliibandika karatasi kwenye friji na sumaku ya duka la simu. Nikaisoma mara moja. Nikaona kikombe kimoja ni dharau. Kimoja kinakuamshia hamu halafu kinakuacha umesimama jikoni na kijiko mkononi. Heri nisinywe kabisa. Nikachukua maziwa yaliyokuwa ndani ya friji nikampa jirani, na tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa nyumba ya strungi, ile chai nyeusi ambayo wengine huiita chai ya rangi wakitaka kuipa heshima.

Mume wangu ni fundi wa mabomba. Wakati huo alikuwa na kazi Lavington, kwenye nyumba moja iliyokuwa ikifanyiwa marekebisho. Aliangalia kikombe chake, akaniangalia.

"Na mimi? Sukari yangu iko sawa."

"Tulisema katika shida na raha," nikamwambia. "Hii ndiyo shida."

Alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu akanyamaza, akawa anaondoka asubuhi mapema bila kugusa chai, anaimba. Nikajisifu kazini. Nikawaambia wenzangu kwamba mwanamume akipendwa vizuri hata maziwa ataacha. Nilikuwa kama mtu aliyeokoka juzi, kila ninayekutana naye namhubiria tangawizi na limau.

Sasa, katikati ya wokovu wangu huo, mama akaja.

Mama anaishi nyumbani kwetu Magharibi, na ng'ombe wake mmoja anayempenda kuliko baadhi yetu. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshafunga kwa mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linafuata. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akisoma neno kanisani kwao. Macho yalipoanza kukataa, wakampa kazi hiyo kijana mmoja, na mama akawa anakaa kiti cha mbele anasikiliza kwa hasira. "Wanaruka," alikuwa akiniambia kwenye simu kila Jumapili. "Wakiona mstari mrefu wanauruka. Mimi najua palipo na nini." Hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kusoma mwenyewe kabla hajafa, basi.

Nilimbembeleza miaka miwili aje apasuliwe Nairobi. Alikataa kwa sababu kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake, wala hawali meza moja. Mwishowe mjomba na wanawake wa kanisa walikaa wakaamua kwamba kwa ajili ya jicho hakuna ubaya. Akakubali, kwa sharti kwamba yeye na mume wangu wasikae sebule moja. Tarehe ya hospitali ilikuwa Ijumaa. Akafika Jumatatu jioni na kuku, karanga na ndizi, amechoka.

Nikamwekea strungi.

Nataka mnielewe. Nilijua. Kwetu mgeni hapewi chai nyeusi. Nilipokuwa mtoto, ng'ombe akikauka na mgeni akaonekana njiani, nilitumwa mbio kwa jirani na jagi kuomba maziwa kwenye ua, na nisirudi bila. Strungi mbele ya mgeni maana yake ni kwamba humu ndani mambo yameisha. Lakini mimi nilikuwa nimetia tangawizi na limau, na kikombe kilikuwa kile kizuri, na kichwani mwangu nilikuwa nimemwandalia mama kitu cha kisasa. Yeye alikinyanyua akakisogeza karibu na jicho la kushoto, akakigeuza kwenye mwanga wa taa. "Asante, Mama," akasema. Huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Akanywa chote bila neno lolote. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, maana mama yangu hajawahi kunywa kitu bila kukitolea maoni.

Jumanne alikula nusu ya ugali wake akasema ameshiba. Nilipotoka chumbani nikakuta amezima taa. Nikawasha, akazima. Jumatano aliniuliza kama bado niko na kazi. Nikamwambia iko, Mama. Akauliza kama mkwe wake naye ana kazi. Nikamwambia iko, kule Lavington.

"Mbona anatoka kabla ya chai?"

"Ana haraka."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama. Nairobi iko hivyo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta. Mimi nikaendelea kukatakata limau.

Alhamisi jioni nilirudi kutoka kazini nikakuta begi lake limesimama mlangoni, limefungwa. Mama alikuwa ameketi kando yake na kitambaa kichwani, viatu miguuni.

"Kesho asubuhi nitaenda nyumbani," akasema. "Unipeleke stegi ya mabasi."

"Kesho ni hospitali."

"Jicho litangoja. Nimelizoea."

Miaka miwili ya kubembeleza, daktari amepatikana, kitanda kimepatikana, na huyu amevaa viatu. Nikamuuliza kama anaogopa kisu. Akasema haogopi kisu. Nikamuuliza kama kuna mtu amemkosea. Hakuna. Nikaanza kupandisha sauti, na mimi nikipandisha sauti majirani hufungua madirisha. Ndipo naye akasema.

"Mama, mimi si mtoto. Siku tatu nakunywa strungi katika nyumba yenye televisheni ukutani. Mkwe wangu anatoka na njaa ili mimi nile. Mnajinyima mpaka maziwa kwa ajili ya jicho la mwanamke mzee. Sitaki. Nimeshasoma vya kutosha maishani."

Wueh. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nilitaka kucheka na nikawa nalia, na yeye kwa sababu haoni vizuri akanyoosha mkono akanipapasa kichwa, akidhani nalia kwa kuwa siri yetu imejulikana. Nikamweleza. Kliniki, sukari, uzito, kila kitu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunihurumia.

"Daktari gani anamkataza mtu maziwa?" akasema. "Maziwa? Mama, usinidanganye, si aibu. Hata mimi niliwahi kuishiwa."

Mume wangu alirudi kutoka kazini tukiwa bado tumekaa hivyo. Nilimfuata jikoni nikamwambia mama anaondoka, na kwa nini. Akasimama kidogo na begi lake la spana mkononi. Halafu akaenda mpaka kwenye korido, mahali ambapo mama angemsikia bila wao kuonana, akakohoa.

"Mama," akasema, "mimi silali njaa wala sitoki na njaa."

Mama akageuza kichwa kuelekea sauti.

"Pale nafanya kazi, nje ya geti kuna mama ana kibanda. Kila asubuhi napiga vikombe viwili vya chai. Ya maziwa. Na chapati mbili."

"Tangu lini?" Hiyo ilikuwa sauti yangu.

"Tangu ile siku ya tatu."

Mimi nilikuwa natafuta la kumwambia mwanamume huyu niliyemsifia mbele ya ofisi nzima, lakini nikaona mabega ya mama yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua kitambaa akajifuta macho yote mawili, na mume wangu kule kwenye korido naye akaanza, akiwa bado ameangalia ukuta kwa heshima.

"Sasa wewe," mama akaniambia alipopata pumzi, "wewe ndiye hunywi."

"Sinywi."

"Kwa nini?"

"Nimenenepa, Mama."

"Hujanenepa."

"Huoni, Mama. Ndiyo sababu kesho unaenda hospitali."

Akafikiri. Halafu akasema niende nilete maziwa nichemshe, ninywe mbele yake, ndipo ataamini hatujaishiwa. Nikaenda kwenye ile mashine inayouza maziwa karibu na stegi, nikapanga foleni na jagi langu, nikarudi. Nilichemsha kama zamani. Ile harufu ilipopanda nilijua mambo yangu yameharibika. Mama alikaa karibu nami akisikiliza ninavyomeza. Nilipomaliza kikombe cha kwanza akasema, "Tena." Nikanywa cha pili, na sitadanganya, nilikinywa kwa furaha. Ndipo akainama, akavua viatu na kufungua begi.

Ijumaa wakampasua jicho la kushoto. Jumamosi wakamfungua bandeji. Njiani alikuwa anashika mkono wangu na kuangalia nje, miti, mabango, watu. Tulipofika nyumbani akasimama katikati ya sebule akaangalia ukuta akasema una ufa. Akamwona mume wangu akipita mlangoni, wote wawili wakainamisha macho haraka. Halafu akanigeukia, akaniangalia muda mrefu. Nilikuwa sijaangaliwa hivyo na mama yangu kwa miaka. Nikaona anapita kwenye mvi zangu, kwenye shingo, kwenye kiuno, anarudi usoni.

"Mama," akasema kwa upole, "kweli umenenepa."

Kisha akaanza kusoma. Alisoma kila kitu. Pakiti ya unga, kalenda, kopo la majani, maandishi ya fulana ya mume wangu iliyokuwa kwenye kamba. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata. Mimi nilikuwa jikoni nikiweka chai ya maziwa mezani kwa ajili yake na strungi kwa ajili yangu, nikijisikia mshindi, nilipomsikia amefika kwenye friji.

"Ma-zi-wa," akasoma. "Kikombe... kimoja... kwa siku."

Akarudia tangu mwanzo. Akasogea karibu zaidi, halafu akarudi nyuma, akifurahia kwamba pote pawili panaonekana. Mimi nikajifanya naosha sufuria iliyokwisha oshwa.

"Hapa hawajasema uache," akasema. "Wamesema kimoja."

"Ndiyo, Mama."

"Umeona neno kimoja ukaliruka."

Alifungua kabati akatafuta, akatoa kikombe kidogo alichokuwa akitumia binti yangu akiwa chekechea, akamimina chai ya maziwa, bila sukari, akakiweka mbele yangu. Strungi yangu akaimwaga kwenye sinki. Akaniambia ninywe polepole maana hicho ndicho mpaka kesho. Nikanywa. Sijawahi kukaa na kikombe kidogo namna ile kwa muda mrefu namna ile, mama amekaa upande wa pili ananiangalia kwa jicho lake jipya, na machozi yananitoka bila sababu ya maana.

Alirudi nyumbani jicho lilipopona. Jumapili ya kwanza walimrudishia kazi yake, na mchana akanipigia simu.

"Nimesoma sura nzima," akasema. "Sikuruka hata mstari. Yule kijana alikuwa anaruka kweli, nilijua." Kisha akauliza, "Na wewe leo umekunywa vingapi?"

Nilikuwa nimekaa na mume wangu mezani, na cha pili kiko mbele yangu, kimejaa, kinatoa moshi. Nilikiangalia. Nikakisukuma upande wa mume wangu.

"Kimoja, Mama," nikasema.