Nilimlea farasi kama fahali wa kupigana, Kawangware 2007

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nimesoma nyuzi zenu za mbwa wasumbufu nikaona heri na mimi nitubu. Sijaongeza chumvi, na mkosaji ni mimi.

2007 nilikuwa fundi wa mawe, naishi mtaa wa Ayany, Nairobi. Rafiki yangu Mutua, Mkamba wa Kitui, alikuwa seremala mtaa wa Kawangware, karibu na stage ya matatu iitwayo 56.

Familia moja iliyokuwa ikihama ikatuuzia poni, yaani farasi mdogo. Alikuwa bado mtoto. Mpango wetu ulikuwa akikomaa, watoto wampande Jumapili baada ya kanisa.

Kati yetu wawili, hakuna aliyewahi hata kumshika farasi kamba.

Tukamweka nyuma ya karakana ya Mutua, tukamwita Shujaa.

Sasa kosa langu. Mimi ni Mluhya wa Kakamega. Kwetu fahali wa kupigana analelewa kwa sifa. Unampigia mluzi, unamwimbia, akisukuma kwa kichwa unamshangilia na kumlisha. Nikamfanyia Shujaa vivyo hivyo. Akinisukuma, nacheka, nampa karoti. Akisukuma zaidi, karoti mbili!

Mutua aliniambia mapema, "Lihanda, huyu si fahali. Unamfundisha ujeuri."

Sikusikia. (Mke wangu atawaambia hilo si jambo jipya.)

Wiki moja kabla ya Krismasi, mwenye ile ploti ya nyumba za kupanga, tuliyemwita Mama Ploti, alikuwa anafua. Shujaa akamsukuma, mama akaketi ndani ya beseni, povu mpaka kiunoni.

"Mwaka mpya ukifika," akasema, "nisimwone huyu mnyama hapa!"

Badala ya kukubali kosa, nikamgeukia Mutua mbele ya watu. Nikamwambia yeye kwao Kitui amezoea punda wa kubeba maji, hawezi mnyama mwenye damu moto, ndiyo maana amemshinda.

Mutua aliokota randa yake akarudi kazini.

Kisha uchaguzi, na yaliyofuata mnayajua. Mimi Ayany, yeye Kawangware, katikati matairi yanawaka na vijana wanauliza watu majina ili wajue kabila. Simu yake ikawa "mteja hapatikani" kila nikipiga.

Wakuu, nililala na jambo moja tu: kama Mutua ameuawa, neno langu la mwisho kwake ni matusi.

Njia zilipofunguka nilienda kwa miguu. Nafika getini, namwona Mutua mzima, amekonda kidogo, mtungi begani. Nyuma yake Shujaa, mtungi mdogo wa maji kila ubavu, anatembea kwa adabu kama shemasi anayebeba sadaka!

Kumbe mifereji ya maji hapo ploti ilikuwa imekauka, na akina mama waliogopa kutoka. Mutua na Shujaa ndio waliowaletea maji siku zote hizo.

"Ulimchapa?" nikauliza.

"Kumchapa wapi. Akinisukuma nampa mgongo, nasimama kama nguzo. Akirudi nyuma hatua moja, ndiyo anapata karoti."

Furaha ikanizidi. Bila kufikiri, nikapiga ule mluzi wa fahali.

Shujaa akainua masikio. Mitungi ikaanguka, maji yote chini, na yeye huyo ananijia kifua mbele. Mama Ploti akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Usikimbie," Mutua akasema kwa upole. "Nyamaza. Mpe mgongo."

Nikageuka. Akanisukuma mara ya kwanza, nikapiga magoti kwenye tope. Nikasimama. Mara ya pili, kofia ikaruka. Nilitaka kupiga kelele, nikauma ulimi. Kwa mtu wa maneno kama mimi, hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchonga mawe.

Mara ya tatu haikuja. Nilisikia pumzi ya moto shingoni, halafu kwato zikirudi nyuma. Hatua moja.

Mutua akaniwekea karoti mkononi.

Mama Ploti alitutazama sote watatu. "Farasi atabaki," akasema. "Huyu mzee wa mluzi ndiye bado namfikiria."

Ploti nzima ikacheka. Nikamwendea Mutua na tope langu, nikaanza, "Ndugu yangu, yale maneno niliyokuambia..."

"Kwanza jaza hiyo mitungi," akanikatiza. "Wamama wanangoja."

Nikaijaza. Shujaa alibeba miwili, mimi mmoja begani, na njiani nikamaliza kuomba msamaha. Mutua alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa nusu ya karoti iliyobaki mfukoni. Nikaila.

Funzo langu: mnyama mchanga anashika kile unachomtuza, hata kama ulidhani unacheza naye. Na ukikosea, usitafute mtu mwingine wa kumbebesha kosa lako.

Wenye farasi, punda, hata mbuzi wakorofi, leteni yenu. Na kama kuna mtu hujamwomba msamaha, mpigie kabla ya kuniandikia hapa.