Umri wa Mama Joash Mlangoni pa Kanisa

Ilikuwa mwaka wa 2021. La, si 2021, mwaka huo watu walikuwa wameshazoea korona. Ni 2020, mwezi wa saba, wakati serikali ilipofungua makanisa nusu nusu: watu mia moja, saa moja tu, barakoa usoni, na yeyote aliyepita miaka hamsini na minane abaki nyumbani aombe akiwa huko.

Edinah Nanyama alikuwa na miaka sabini na moja. Jumapili hiyo ya kwanza, kanisa lake la mtaa wa Free Area, Nakuru, lilikuwa lichague mwenyekiti wa wazee, na kiti hicho alikuwa amekikalia miaka kumi na tisa. Kanuni yao ilisema asiyekuwa ndani hachaguliwi. Omolo, karani wa kanisa, alikuwa ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba akisema Mama Joash, ndivyo walivyomwita Edinah, amechoka, wampumzishe.

Hakuwa amechoka. Alikuja Nakuru mwaka wa 1968 kwa gari moshi, msichana wa Vihiga na sanduku lake la mbao, akaolewa na Levis, fundi wa reli. Levis akilewa, Edinah aliomba kwa sauti mpaka majirani wakagonga ukuta. Alizaa watoto sita, akazika wawili. Mawe ya msingi wa kanisa aliyabeba kichwani, na mimba ya nne tumboni. Levis alipofariki hakulia mbele ya watu. Tangu hapo hakuna mtoto wake aliyenunua shamba, kuoza binti wala kumpa mtoto jina bila kupita kwanza sebuleni kwake.

Watu walimheshimu. Kumpenda ni jambo lingine. Kila mwezi yeye ndiye aliyesimama akasoma majina ya walioanguka dhambini, na mwenye jina aliinuka mbele ya wote akaenda kukaa benchi ya nyuma, bila kushiriki meza ya Bwana wala kuimba na akina mama.

Miaka minne kabla, alilisoma jina la Celestine. Joash, kifungua mimba wake, alikuwa amefiwa na mke, akaanza kuishi na Celestine bila ndoa ya kanisa. Dhambi ilikuwa moja, ya watu wawili. Joash alipewa wiki mbili. Celestine alipewa miezi sita, na tumbo lake likakulia pale pale benchi ya nyuma, watu wakigeuza shingo kulitazama. Baadaye walifunga ndoa, lakini mama mkwe na mke wa mwana hawakuwahi kunywa chai ya birika moja.

Sasa mlangoni, na meza, na daftari, na kile kidude cha kupima joto, aliwekwa Celestine.

"Karibu, Mama," alisema bila kuinuka. Akamwelekezea kidude kwenye paji la uso kama bunduki. "Thelathini na sita. Homa huna."

"Niandike."

"Miaka?"

"Unaijua."

"Mimi naijua. Daftari ndiyo haijui, na inaenda kwa chifu."

"Mathe, jua linatumaliza huku," Kinyanjui fundi viatu alisema kutoka kwenye foleni.

Edinah alichungulia ndani. Omolo alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti, amekunja nne.

"Hamsini na saba," Edinah alisema.

Celestine aliinua macho. "Joash ana hamsini na moja."

"Sijakuuliza miaka ya Joash."

"Nauliza tu, Mama. Basi ulimzaa ukiwa darasa la kwanza. Mungu ni mkubwa."

Foleni ilicheka ndani ya barakoa. Edinah hakugeuka.

"Andika. Au niingie bila kuandikwa, mje mnitoe mkinibeba."

Celestine aliinamia daftari. Kisha akaandika pole pole, kwa tarakimu kubwa, safi: 57.

"Ingia, Mama. Kaa unapopenda."

Kabla ya kura, Omolo aliitisha daftari ili asome waliomo. Alipofika kwake alisimama. "Edinah Nanyama. Hamsini na saba." Akarudia, mara hii kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Wengine walicheka, wengine wakatazama sakafu. "Mama Joash, hii ni ya kweli, ama mwandishi amekosea?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu kwamba Celestine amekosea, nusu ya kanisa ingemwamini yeye. Celestine mwenyewe alikuwa amesimama kizingitini, kalamu mkononi, akingoja kusomwa mara ya pili.

"Ameandika nilichosema," Edinah alijibu. "Uongo ni wangu."

Adhabu ya uongo nyumbani mwa Mungu ilikuwa miezi mitatu benchi ya nyuma. Kanuni ile Edinah aliiandika kwa mkono wake. Omolo aliisoma bila haraka, akachaguliwa, na hakuna aliyemshukuru Edinah kwa miaka kumi na tisa. Hata benchi ya nyuma hakupewa siku hiyo, kwa kuwa umri wake sasa ulijulikana. Alitembea hadi mlangoni peke yake.

"Umefurahi?" Edinah alimuuliza Celestine.

"Nimeandika ulichosema, Mama."

Sheria ya umri ilipoondolewa, alirudi akakaa benchi ya nyuma miezi yake mitatu, mgongo wima, akimkazia macho kila aliyegeuka. Kiti hakukipata tena. Kwa Joash hakukanyaga tena, na Celestine hakutuma mtu wa kumwita.

Jamaa mmoja wa kanisa, aliyekuwa kwenye foleni siku ile, alimuuliza Celestine jambo moja, akamuuliza Joash, akaenda akamuuliza hata Edinah mwenyewe. Celestine aliendelea kuanika nguo. Joash alitazama simu. Edinah alimwambia avae kofia, jua ni kali. Alichouliza ni hiki tu: alipoiandika ile hamsini na saba, Celestine alikuwa anamtii mama mkwe wake, au alikuwa anamtega?