Jiwe Juu ya Chungu cha Munkoyo

Mtaani kwetu Shituru, katika nyumba za kampuni, kila mke wa mfanyakazi alikuwa na njia yake ya kusafisha mwili wa mume wake. Mama wa nyumba ya kona, karibu na reli, aliamini maziwa. Kampuni yenyewe iliwapa maziwa watu wa sehemu ya asidi, na kampuni, alisema, haijawahi kumpa mtu kitu bure bila sababu. Jirani yetu wa kushoto aliamini mafuta ya mawese, kijiko kizima kabla ya uji wa asubuhi. Wengine walikunywa maji ya makaa yaliyosagwa, wengine walitafuna pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba huununua sokoni Kikula. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa ya wote. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba sombe haifai kitu.

Hofu iliyoleta dawa hizo ilitoka kwenye mgodi mmoja nje ya mji, uliofungwa wakati Wabelgiji walipokuwa wanakaribia kuondoka. Kule ndiko lilikochimbwa lile jiwe walilolipeleka ng'ambo kutengenezea bomu. Watu walisema linatoa kitu kisichoonekana, kinaingia katika mifupa na kukaa. Hakuna aliyetupima. Zilikuwa siku za kuitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, badala ya bwana na bibi. Redio haikuzungumza mambo hayo, na mtu mwenye akili hakuyauliza ofisini. Kwa hiyo yaliulizwa jikoni.

Baba alikuwa amefanya kazi kwenye mgodi ule akiwa kijana. Alichagua mawe kwa mikono, mazuri huku, mabovu kule. Baadaye alihamishiwa kiwanda cha shaba, akapewa nyumba, tukazaliwa. Kila alipokohoa, mama aliacha alichokuwa anafanya na kumtazama.

Dawa ya mama ilikuwa munkoyo. Kila mtu wa Katanga anajua kinywaji hicho: uji wa mahindi unaopozwa, unatiwa mizizi iliyopondwa, unaachwa uchachuke. Mama aliongeza ndimu na majani machungu ambayo hakumwambia mtu jina lake. Jumamosi watu walikuja na vikombe vyao, wanaume waliotoka zamu wakiwa bado na vumbi kwenye nyusi. Hakuuza. Alisema mume wake akinywa peke yake na jirani akafa, atabaki kuongea na nani?

Leo najua zaidi. Daktari mmoja aliniambia wazi kwamba maziwa, mafuta na munkoyo havitoi kitu kile mwilini. Nilimsikiliza, na ninamwamini. Lakini sikumruhusu acheke.

Mwaka ambao nilianza kufundisha shule ya msingi, mdogo wangu wa kike alipata mchumba, karani wa Kikula, kijana wa familia ya Kasai. Walipendana, na baba alikubali. Aliyekataa alikuwa mama wa kijana, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mjane aliyelea watoto wake peke yake. Hakuwa na neno baya juu ya msichana. Alisema tu kwamba baba yake alishika lile jiwe, na damu ya baba iko ndani ya binti. Je, atazaa? Na akizaa, atazaa nini?

Mdogo wangu aliposikia alianza kula kila kitu: pemba, makaa, mawese hata akatapika. Alikonda badala ya kunenepa. Hatimaye mjane alikubali kuja kuiona nyumba kabla ya kutoa neno la mwisho, na mama akaandaa chungu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuandaa.

Walikuja Jumapili baada ya misa, mjane na shemeji yake, mzee mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Yeye pia alikuwa amefanya kazi kule mgodini, akipakia mapipa. Baba alifurahi, wakaanza kukumbushana wasimamizi na majina ya utani waliyowapa. Mjane alikaa wima, mkoba magotini, akitazama kuta, pazia, mikono ya mdogo wangu.

Mama aliniambia nilete chungu. Yule mzee, kwa heshima, akaja nami jikoni kunisaidia. Juu ya sahani iliyofunika chungu kulikuwa na jiwe jeusi, kama ngumi mbili. Mama aliliokota karibu na ua, ndani ya gunia lililooza, mwanzoni mwa kiangazi. Alilipenda kwa uzito wake. Sahani haikuchezacheza, nzi hawakuingia.

Mzee alilinyanyua kwa mkono mmoja. Mkono ukashuka. Alilirudisha polepole, akajifuta kwenye suruali, akamwita baba.

"Kaka," alisema, "hii ulileta weye?"

Baba alilitazama, akakiri. Siku mgodi ulipofungwa, kila mmoja alichukua kitu cha kumkumbusha kazi yake, na yeye alichukua hilo. Alilifukia karibu na ua, mvua za miaka zikalifukua, na hakuwa mtu wa kuingia jikoni. Mama naye asingeweza kulijua. Mtaa mzima uliamini kwamba jiwe la hatari ni la manjano na huwaka gizani. Hili lilikuwa jeusi tu, na zito.

Mzee alisema tuliache hapohapo, tuwaambie wanawake kwamba munkoyo umeharibika, tunywe bia. Yeye, alisema, angeweza kulisahau. Baba aliitikia kwa kichwa. Hapo tukamwona mama amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Alirudi sebuleni, akasimama mbele ya mjane.

"Mama, mbele ya kunywa, unisikie. Juu ya chungu kuko jiwe ya kule. Minye njo niliiweka. Sikuijua, lakini ni minye."

Mdogo wangu alifunika uso kwa mikono miwili. Mjane akauliza ni watu gani wamekunywa kutoka chungu hicho.

"Avenue yote."

"Na sasa?"

"Nitaenda kubaambia."

"Leo?"

"Leo. Kesho nitaona haya."

Mjane aliweka mkoba wake juu ya kiti, akasimama, akafunga kitenge upya.

"Twende babili," alisema. "Ukienda peke yako batasema kichwa yako imeharibika."

Baba na yule mzee walilifunga jiwe katika gunia jipya na kulipeleka kwa baiskeli, wakalizike mbali na visima. Sisi tulikwenda mlango kwa mlango, mama na mjane mbele, mimi na mdogo wangu nyuma. Mama alisema maneno yaleyale kila mahali, bila kuyapunguza. Mama wa maziwa alicheka, akasema ndiyo maana yeye hakuacha maziwa yake. Kila Jumamosi alikuwa anakuja na kikombe kikubwa kuliko vyote, lakini mama hakumkumbusha. Jirani wa mawese alitufungia mlango. Mfanyakazi mmoja wa tanuru alisema kwa vitu anavyovuta kila siku, jiwe hilo litakuta nafasi imejaa. Msichana mwenye mtoto mchanga alianza kulia, na mjane ndiye aliyekaa naye kwenye kizingiti, akamshika mtoto, akamgeuza huku na huku, akamwambia ana macho mazuri na mguu wenye nguvu, ampeleke dispensari kesho, na asijilaumu.

Nimeona wakubwa wengi wakizungumza mbele ya watu katika nchi hii, wakiwa na vipaza sauti. Sijaona aliyesimama wima kama mama yangu jioni ile, akiwa na ndara miguuni na unga bado kwenye kiwiko.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee mmoja wa reli, mtu wa maneno. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, akashukuru. Kisha akamnyooshea mjane kidole.

"Na huyu? Ni mutu wa kampuni? Minye simujui."

"Minye natoka Kikula," mjane alijibu. "Ni mama mukwe wa huyu mutoto."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mdogo wangu, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, akaja akaushika. Mama hakugeuka pia. Alikuwa anamwuliza mzee wa reli kama bado kuna munkoyo ndani kwake, na pa kuumwaga ni wapi.