Magari Mawili na Mguu Usiokunjika

Nilikwenda Kitangari kwa sababu ya mguu mmoja. Mguu wenyewe ni wa dada yangu mkubwa, Bi. Somoe, aliyeanguka akirudi na ndoo ya maji kichwani. Hospitalini Mkomaindo, Masasi, walimfunga hogo, ile plasta ngumu, kutoka pajani hadi karibu na vidole, akarudi kwake Kitangari, juu uwandani, kusubiri mfupa uunge. Hogo lilipaswa kukatwa Jumatano, siku ambayo daktari wa mifupa angekuwepo Masasi. Saa sita mchana daktari huyo angeondoka, na hakuna aliyejua angerudi mwezi gani. Habari zilizotufikia ni kwamba vidole vya dada vimevimba na usiku halali kwa kuwashwa. Kwa hiyo Jumatano ile haikuwa ya kuchezea.

Mara ya kwanza alipandishwa mlimani kwa lori, amelazwa juu ya godoro, akafika salama, alhamdulillahi. Safari hii mkwewe Bakari, mume wa binti yake Zuhura, alisema lori ni aibu. Ilikuwa miaka ile ambayo ruhusa ilikuwa imetoka: mwenye uwezo anunue korosho kwa wakulima, na mwenye kiu ya gari aagize Japani lililokwisha kutumika. Bakari alinunua korosho misimu miwili, na wa tatu akaja kutoka Dar es Salaam na shangingi jeupe lenye tairi la akiba mgongoni. Alitutangazia kwamba mama yake Zuhura atakalia kiti ambacho hata mkuu wa wilaya hajakikalia. Mimi ni mwalimu wa madrasa, makalio yangu yamezoea mkeka. Niliona ni neema, nikakubali kuwasindikiza.

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, tuliondoka Masasi. Tuliondoka kwa shida kidogo, kwa kuwa mlango wa shangingi ulianzia pale kiuno changu kinapoishia. Zuhura alirudi ndani akaleta kigoda, nikakikanyaga, nikapanda kama mtu anayepanda dari. Humo ndani hapakuwa na kiti kirefu cha nyuma. Palikuwa na viti viwili vya fahari, kila kimoja peke yake, kila kimoja na mikono yake, na katikati yake uchochoro. Nyuma yake palipaswa kuwa na viti vingine, lakini Bakari alikuwa ameving'oa ili apate mahali pa kuweka spika mbili kubwa kama makabati. Viti vilivyobaki vilikuwa bado vimevikwa nailoni iliyotoka navyo kiwandani, na ilikuwa marufuku kuigusa.

Nilisoma dua ya kupanda chombo, ile ya kumshukuru Mola aliyetutiishia vyombo. Nilipomaliza nilimwona Bakari akifuta kwa leso alama ya kidole changu mlangoni, nikajiuliza pale ni nani aliyetiishwa.

Niseme haki. Nafasi ilikuwa tele. Juu ya kofia yangu angeweza kukaa mtu mwingine na kofia yake, na magoti yangu hayakugusa kitu. Shida ilikuwa kubaki katika nafasi hiyo. Kwenye nailoni mtu hutoka jasho, na mtu aliyetoka jasho huteleza. Kila kona ya kulia nilibamizwa mkono wa kiti, kila kona ya kushoto nikabamizwa mwingine, na breki ziliponishusha chini nilisikia Bakari akiuliza kwa upole kama Mjomba anastarehe. Nilijibu kwamba namshukuru Mungu. Sikuongopa, kwa maana bado nilikuwa hai.

Saa nne tulikuwa tumemaliza kupanda mlima, tukapita Newala mjini, ambako Bakari alizunguka soko mara mbili bila kununua kitu. Kutoka hapo njia ya Kitangari ni mchanga, mwekundu na laini, unaomeza gurudumu hadi katikati. Shangingi liliupita kama ng'ombe apitavyo majini. Hapo nami nikalisifu.

Saa tano na nusu, Kitangari. Kabla ya kumsalimia mama mkwe, tena kwa mbali kama inavyopasa, Bakari aliomba ndoo mbili tu za maji aoshe gari. Kule maji hufuatwa bondeni, huteremkwa asubuhi na kupandwa nayo jua likiwa kali. Shangazi yake Zuhura, aliyekuwa uani na wanawake wengine, alimwambia kwamba ndoo mbili ni udhu wa leo na ugali wa kesho, achague kimoja akoshee gari. Bakari alirudi kwenye gari na leso yake.

Baada ya sala ya adhuhuri niliona heri tumjaribishe mgonjwa viti, tusije tukahangaika asubuhi. Dada alitoka ameshikwa na wanawake wawili, mguu umenyooka mbele kama mchi. Walipomfikisha mlangoni pa shangingi ndipo akili zilipoturudia. Kumpandisha kule juu kulitaka mwanamume mwenye nguvu, na mwenye nguvu pekee pale alikuwa mkwewe, ambaye hawezi kumshika. Wanawake wanne walimwinua kwa tabu, wakamweka kwenye kiti cha fahari. Mguu ukagonga kiti cha mbele. Wakamgeuza kando, mguu ukaning'inia juu ya uchochoro. Waliuegemeza kwenye kiti cha pili juu ya mito mitatu, na mito ikaondoka mmoja mmoja kwenye nailoni. Wakamshusha.

Bakari, akiwa nyuma ya gari asionekane, alisema kwa sauti ya muuzaji kwamba bado kuna kiti cha mbele. Kinalala kabisa hadi kuwa kitanda, ndiyo starehe yenyewe. Ni kweli, kililala. Ila kilikuwa bega kwa bega na cha dereva, na dereva ni Bakari, ambaye hajawahi kumwachia mtu usukani ule. Alikuwa amemletea mama mkwe gari ambalo nafasi pekee ya kumfaa ilikuwa ya kulala pembeni ya mkwewe, mchana kweupe, kupita Newala mjini.

Nilijaribu kusaidia. Nilimweleza dada kwamba kitabuni mkwe ni maharimu wake, hakuna dhambi. Alinijibu kwamba kitabu nakijua mimi, uwanda anaujua yeye. Kisha akaongeza, akinitazama mimi lakini kwa sauti ya kumfika aliye nyuma ya gari:

"Mdogo wangu, mimi nilipata mkwe. Sikupata mume."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Bakari hakuonekana tena hadi alasiri.

Alasiri alikuja Baba Neema, mwalimu wa sekondari, mtu wa Bukoba, aliyepanga nyumba ya pili. Yeye alikuwa na gari dogo la bluu, kuukuu, lenye buti nyuma na maandishi ya Kijapani ambayo alidai yana maana nzuri. Aliniamkia, akasema amesikia, na ameleta rula. Ilikuwa rula ya ubaoni, ya mbao, ya mita nzima. Alipima mguu wa dada: rula moja pungufu ya vidole vitatu. Akapima kiti chake cha nyuma, ambacho ni kimoja, kirefu, mlango hadi mlango: rula moja na kipande kizuri. Akapima na shangingi, bila kuombwa, akasoma kwa sauti ya darasani kwamba kila kiti ni nusu rula. Bakari alimwambia kwamba gari lake ni kabati la viatu, na kwamba mtu mzima humo hupanda akiwa amerukuu. Baba Neema alijibu kwamba heri kabati linalofunguka kuliko ghorofa lisilo na ngazi.

Waliendelea hivyo mpaka kwenye adhana ya magharibi. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa. Nilipomuuliza, alisema anataka gari la kukaa kwa makalio, siyo kwa sifa.

Jumatano, kulipokucha, tulimtia katika gari dogo. Haikuchukua muda. Alikaa pembeni ya kiti kama mtu anayekaa kitandani, Zuhura akamvuta kwa makwapa kutoka mlango wa pili, na mguu ukalala juu ya kiti wote. Zuhura alijibana nyuma ya mgongo wa mama yake awe ndiye mto. Kitambaa kilikuwa kimechakaa lakini kilimshika. Mimi nilikaa mbele, magoti kwenye kidevu, kofia imebonyea kwenye paa, nikaona kwamba Bakari naye hakusema uongo. Yeye alitangulia na shangingi lake tupu, spika zikiwa abiria.

Saa moja na nusu, katikati ya mchanga, gari dogo liliketi. Halikukwama kwa kishindo. Liliketi kwa tumbo, taratibu, kama mtu mnene aliyechoka. Baba Neema alikanyaga mafuta, magurudumu yakajichimbia. Bakari alirudi. Mimi nilitegemea kejeli, na hakika ilikuwa usoni, lakini alipoona Zuhura, kwa kubanwa, ametoa miguu nje ya mlango, na uso wa mama yake ulivyokunjamana kwa maumivu, akaimeza. Aliniita kando, akasema Mjomba, wewe ndiye mwenye kauli, mwambie Mama ahamie kitanda cha mbele, muda unakwenda, daktari atatuacha. Nami nilikuwa tayari kutoa amri, maana mguu ni mguu.

Dada alitusikia. Alijifunika uso kwa kanga, akasema na binti yake:

"Mwambie mumeo atafute kamba."

Gari la fahari halikuwa na kamba, kwa kuwa halikununuliwa kufanya kazi. Tuliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli yenye magunia ya korosho. Alifungua mzigo wake njiani, akatupatia kamba ya katani bila swali, Mungu amzidishie. Ikabaki kuifunga, na ndoana ya kuvutia ilikuwa chini ya bampa la mbele la gari dogo, mbele kabisa ya macho ya mama mkwe. Baba Neema hakujua kufunga. Bakari alijua, kwa sababu alianza maisha kwa kufunga magunia. Basi mfanyabiashara yule, katika shati lake jeupe la mikono mirefu, alilijia gari kinyumenyume, hatua kwa hatua, mgongo kwa mama mkwe. Akachuchumaa, akalala chali mchangani, akafunga kamba kwa kupapasa. Alipoinuka alikuwa mwekundu hadi kwenye nywele. Hakujifuta.

Ndivyo tulivyofika Newala: shangingi mbele, kamba katikati, sisi nyuma tukila vumbi lake. Kati ya mkwe na mama mkwe palikuwa na urefu wa kamba moja, na heshima ikatosha humo na nafasi ikabaki. Newala tulifungua kamba, tukateremka mlima kwa nguvu zetu wenyewe.

Saa tano kasoro, Mkomaindo. Daktari alikuwapo. Hogo lilikatwa, mguu ukatoka mwembamba, una magamba kama samaki, lakini daktari alipomwambia akunje goti, likakunjika. Kidogo tu, na machozi yalimtoka. Nilisema alhamdulillahi.

Dada alikaa kwangu wiki tatu akijifunza kutembea kwa fimbo. Siku ya kurudi Kitangari, Bakari alileta shangingi. Humo nyuma palikuwa na kiti kimoja kirefu alichochongewa na seremala, chenye godoro la pamba, na mlangoni amening'iniza ngazi ya vipago viwili. Kiti kilikuwa kibaya kwa macho kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia katika gari lile.

Tangu hapo watu hunijia, hasa vijana wenye korosho, kuniuliza lipi bora kununua, refu au fupi. Huwaambia wasipime wakiwa wazima na peke yao. Waende na mama mkwe, na apatikane mtu ambaye goti lake halikunjiki.

Dada yeye hakuulizwa, ila alisema. Alipokwisha kukaa kwenye kile kiti cha seremala na kunyoosha miguu yote miwili kwa raha yake, alimgusa Zuhura begani.

"Mwambie mumeo," alisema, "leo amenunua gari."