Mabati ya Papa Amisi

Enzi zetu pale Kabambare, mvua ndiyo iliyoamua kama tutasoma. Ikinyesha, paa la nyasi linavuja, mwalimu anakunja ramani yake, nasi tunakimbilia nyumbani tukishangilia. Wazazi hawakushangilia. Ndiyo maana Papa Amisi, tajiri wa mji wetu, alipotangaza kwamba atailetea shule mabati, hata mama yangu, ambaye hasifu mtu, alimsifu.

Papa Amisi alianza kwa kusukuma baiskeli yenye magunia ya chumvi kutoka Kasongo, tope likimfika magotini. Kila mtu alijua. Lakini alipopata duka na suti, akaanza kusimulia kwamba ukoo wao ulikuwa wa wakubwa tangu zamani, na watu wazima, kwa heshima, mbele yake wakajifanya wamesahau.

Kwetu zawadi haipokelewi bila wimbo. Mwalimu wetu, mgeni asiyejua mambo ya mji, akatuagiza: "Kila mutoto aulize kwao sifa moja ya Papa Amisi." Tukauliza, tukaambiwa ukweli, tukautungia wimbo.

Siku ya sherehe tulisimama juani tangu asubuhi, tumepakwa mawese mpaka tunang'aa, hotuba zikifuatana. Kisha tukaimba kwa nguvu zote: baiskeli, chumvi, na kaptula iliyotoboka nyuma.

Papa Amisi alinuna. Akamwambia dereva wa lori, "Usishushe kitu. Hii mabati inarudi Kasongo." Mwalimu akakauka palepale. Mama yangu akashika kichwa.

Ndipo mama yake Papa Amisi, kikongwe aliyekalishwa kiti cha mbele, akainuka na kuanza kucheza. "Muimbe tena, watoto," akasema. "Ile baiskeli, niliuzisha mbuzi yangu juu aipate."

Tukaimba tena. Tajiri mzima aliangalia chini, mpaka mama yake alipomshika mkono; ndipo naye akacheza, tena vibaya sana. Mabati yakashushwa. Mvua iliyofuata ilipiga kelele juu yake hata hatukusikia somo, lakini hakuna aliyerudi nyumbani.

Vijana wa leo nao wana mfadhili wao, aliyetajirika na dhahabu ya Salamabila. Analeta katoni ya sabuni na kundi la wapiga picha, na watoto wanaimba maneno aliyoyatunga mwenyewe. Wajukuu wangu walinionyesha sherehe hiyo kwenye simu, wakijivuna kana kwamba sabuni ni yao. Nikawauliza mama yake mfadhili huyo alikaa wapi siku ile. Wakacheka, wakasema hakualikwa.