Mtu wa Vichwa Vitatu

Kama umewahi kumsikia mtu akigombana na nafsi yake, akajibiwa, akanuna, akaombwa msamaha na akasamehe, yote hayo kabla chai haijapoa, basi umeshapita karibu na dirisha la Redio. Na kama hujawahi, tulia, mjomba wako nipo. Shule niliikimbia mapema, lakini masikio sikuyaacha darasani.

Redio ndilo jina alilopewa na watu wa jengo lake. Ana miaka hamsini na minne, mrefu, mwembamba, shati limechomekwa hata siku asiyotoka. Kazi yake ni kuingiza sauti kwenye katuni. Zile katuni za Kijapani ambazo vijana huziita anime haziji zikijua Kiswahili. Lazima mtu akae kwenye chumba kilichozibwa sponji kuta zote, avae hedifoni, aitazame midomo ya wale watu wenye macho makubwa kama visahani, awasemee. Kwenye studio za wenye nafasi, kila mhusika ana mtu wake. Kwenye studio ya Redio mtu alikuwa mmoja. Mtoto yeye, bibi yeye, farasi yeye, na mlango ukilia kwiii, yeye pia. Miaka kumi na moja.

Katuni iliyomnogea kuliko zote ilikuwa ya joka lenye vichwa vitatu. Joka hilo lilikaa mlimani miaka elfu likilinda dhahabu, mpaka dhahabu ikaisha na mlima ukageuzwa machimbo ya kokoto. Sasa limepanga chumba ghorofa ya tatu, limeajiriwa kwa dobi, linanyoosha mashati kwa pumzi ya pua. Kiumbe kilichounguza majeshi kinapanga foleni ofisini, kimeshika fomu, karani anauliza, "Jina?" na vichwa vitatu vinajibu majina matatu. Kwenye lifti wameandika mwisho watu sita. Je, wao ni mmoja au watatu? Mlinzi anakuna kichwa. Kushoto ni mwanamke mkali, ulimi wembe mtupu. Kulia ni mpole, mjinga kwa raha zake, anayapenda matangazo ya sabuni kama wengine wanavyopenda nyimbo. Kati ndiye mtu mzima, kazi yake kuwatuliza wenzake walale.

Redio aliwasemea wote watatu kwa misimu miwili. Shingo yake ilikuwa na utaratibu: Kushoto anaongea, shingo kushoto, Kulia anaongea, shingo kulia, na pumzi alivuta wakati wa kugeuka. Kati ya sauti na sauti hapakuwa na upenyo hata wa kupitisha uzi. Fundi mitambo, ng'ambo ya kioo, alimwonyesha dole gumba kipande kikiisha, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kwa miaka kumi na moja.

Nyumbani alifanya mazoezi. Alikuwa na chumba kimoja, kitanda, jiko la mafuta na kioo cha kunyolea. Alipika, Kushoto akimsema kwamba chumvi imezidi, Kulia akisifia, Kati akiomba watu wale kwa amani. Mke alikuwepo msimu wa kwanza ulipoanza. Aliondoka mchana kweupe, na alichosema mlangoni Redio anakikumbuka mpaka leo: "Nyumba hii ina watu wengi mno, na hakuna hata mmoja anayenisikiliza." Kulia alijibu jambo la kuchekesha. Lilichekesha kweli, nisiongope. Lakini mke alikuwa ameshafika ngazi za chini.

Jirani wa ukuta mmoja, mama mmoja mshona mapazia, alihamia baadaye, kwa hiyo hakujua kwamba Redio anaishi peke yake. Wiki ya kwanza tu alibisha hodi.

"Baba, samahani. Waambie wageni wako wapunguze kidogo. Hasa yule mwanamke."

Hapo mtu mwenye akili zake angecheka, akamwambia, mama, mwanamke ni mimi. Redio aliona haya. Kumwambia mtu kwamba una wageni wenye kelele ni jambo dogo. Kumwambia kwamba huna, hilo lina uzito wake.

"Nitawaambia," akasema.

Basi mambo yakaenda hivyo, mpaka studio ikapata meneja mpya, binti mmoja wa viatu vya raba na maneno machache. Alimwita Redio mezani kwake.

"Mzee wangu, msimu wa tatu wenye katuni wanataka kila kichwa kiwe na mtu wake. Wewe chagua kimoja."

"Vyote ni vyangu," akasema Redio.

"Najua. Chagua kimoja."

Akamchagua Kati, kama mzazi anayechagua mtoto wa kubaki naye na hawezi kuwatazama wengine. Kushoto akapewa binti aliyekuwa akisoma matangazo ya treni stesheni. Kulia akapewa mwalimu mstaafu wa hesabu, mnene, mwenye cheko la mbuzi aliyeshiba.

Jumatatu wakasimama watatu mbele ya maikrofoni moja. Redio akasema neno la Kati, vizuri kabisa. Binti wa Stesheni akafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, shingo ya Redio ikageuka kushoto na neno lake likawa limeshasemwa.

"Mzee, hilo lilikuwa langu," akasema yule binti.

"Samahani, mwanangu."

Wakarudia. Akamlia neno lake tena. Wakarudia mara ya tatu. Safari hii alimwacha binti salama, akageuka kulia akacheka cheko la Kulia mwanzo hadi mwisho, Mwalimu kashika karatasi, kaduwaa.

"Mwenzangu," akasema Mwalimu, "mimi cheko langu nimekuja nalo kutoka nyumbani. Ungeniambia lako lipo, ningeliacha."

Binti akacheka mpaka akakaa chini. Redio naye akatabasamu. Hakuwa anafanya makusudi. Kwa miaka kumi na moja, kimya kwenye hedifoni kilikuwa na maana moja tu: umekosea, sema. Sasa aambiwe kimya ni cha mwenzake? Shingo haikuwa na habari hizo.

"Shi-shi-shingo, mzee! Shingo!" sauti ya fundi ikaja kwenye spika. Redio alishtuka. Hakuwa anajua kwamba fundi ana kigugumizi kidogo.

Saa kumi meneja akamfuata nje. "Ijumaa tunarekodi kipindi cha kwanza. Ukishindwa kuwapisha wenzako, itabidi nimtafute mtu mwingine wa Kati. Nisamehe, mzee wangu, lakini ndiyo hivyo."

Kumbe hesabu ilikuwa hiyo: watatu wamebaki mmoja, na ikifika Ijumaa huenda asibaki hata huyo.

Fundi alimpa dawa. Wenzako wakiongea, alimwambia, weka maji mdomoni. Mwenye maji mdomoni hasemi. Jumanne Redio akakaa kitandani na karatasi za maneno na jagi. Akasema la Kati, akabugia maji, akahesabu moja, mbili, tatu, nne, akameza, akasema la Kati. Katika kipindi kizima wenzake wanaongea mara sitini. Hebu piga hesabu mwenyewe ni mafunda mangapi, na choo cha jengo kiko mwisho wa korido. Alitembea siku hiyo kuliko tarishi.

Jumatano aliacha maji, akabaki na kuhesabu tu. Neno la Kati, halafu kimya. Neno la Kati, halafu kimya. Katika kile kimya alisikia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia: bomba likidondosha, cherehani ya jirani ikikimbia na kusimama, saa yake mwenyewe ya ukutani. Hakujua kwamba saa ile inatoa mlio.

Cherehani ikanyamaza. Hodi.

"Baba, kwema?" Mshona mapazia alikuwa na futi ya kupimia shingoni. "Nasikia kimya. Wageni wako wameondoka?"

"Wamehama."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Pole." Hakuondoka. Aliizungusha ile futi kidoleni. "Yule mwanamke alikuwa na mdomo, lakini nakwambia kweli, siku nyingine nilikuwa nazima mashine ili..."

"Alikuwa hivyo tangu zamani!" Redio akamrukia. "Mkali, lakini moyo mzuri, hata mimi nilimzoea, unajua mtu ukishakaa naye..."

Akaendelea. Akaeleza, akapamba, akajijibu. Alipovuta pumzi, mama alikuwa ameshasema "haya, baba" na mlango wa pili umeshafungwa. Ili nini? Alikuwa anazima mashine ili nini? Kwenda kumgongea jirani umwombe amalizie sentensi, hilo Redio hakuliweza.

Ijumaa ikafika. Kipindi chenyewe: dobi anafunga duka, joka limepoteza kazi, linakaa kwenye baraza ya ghorofa ya tatu na mkia umening'inia nje ya vyuma vya baraza kama nguo iliyoanikwa. Kulia anauliza, "Tukifa, tunakufa mmoja au watatu?" Kushoto anamjibu. Kisha Kati anasema neno moja tu: "Laleni."

Mwalimu akauliza swali lake, kwa ujinga mtamu ambao Redio hakuwahi kuufikia, japo huu ni umbea wangu, yeye hakuusema. Zamu ya binti. Binti akanyamaza.

Moja. Mbili. Shingo ikaanza. Redio akashika stendi ya karatasi kwa mikono yote miwili. Tatu. Nne. Tano! Binti bado kimya, anatazama kioo. Neno la Kushoto lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Redio, limekaa pale, linasukuma.

"Watatu," akasema binti, polepole. "Lakini mimi nitawatangulia, nikawapangie chumba."

Misimu miwili Redio alikuwa akimpigisha Kushoto kelele. Alidhani ana hasira. Kumbe mwanamke wa watu alikuwa na hofu, tangu mlimani, na yeye aliyekaa naye kuliko mtu yeyote hakuwahi kumwachia nafasi ya kuonyesha.

Aliduwaa hadi zamu yake ikampita. Fundi akainua mkono ng'ambo ya kioo, meneja akainuka kitini. Ndipo Redio akasema, "Laleni," kwa sauti ambayo hakuifanyia mazoezi.

Meneja akakaa. "Hiyo hiyo," akasema kwenye spika. "Mzee wangu, Jumatatu saa tatu asubuhi. Usichelewe."

Nje ya geti wakasimama watatu. Ng'ambo ya barabara kuna mkahawa. Redio alikuwa na sentensi imeiva mdomoni: twendeni tukanywe chai. Zamani angeisema, na angewaitikia kwa niaba yao. Lakini alikuwa ameshajifunza, maskini, tena amejifunza sana. Akaona awapishe, huenda mmoja wao anataka kuisema. Moja. Mbili. Mwalimu akatazama saa. Tatu. Binti akatafuta funguo kwenye mkoba.

"Basi, mzee, Jumatatu," akasema binti.

"Jumatatu," akasema Redio. Ndilo lililokuwa neno lake.

Wakaenda, huyu huku, yule kule. Yeye akavuka barabara, akakaa kwenye meza ya viti vinne. Mhudumu akaja na kitambaa begani.

"Uko peke yako, au kuna wenzako wanakuja?"

Akamwacha amalize. Akangoja hata baada ya kumaliza.

"Peke yangu," akasema.

"Basi, naomba viti." Mhudumu akavibeba vyote vitatu kwa mpigo, akavipeleka kwenye meza ya dirishani, ambako watu walikuwa wakicheka na wengine bado wamesimama.